Usiache Mbachao: Ladha ya Kukisoma Tena Kitabu Ukipendacho

Ndugu zangu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio wenye kulilinda jarida hili lisiishie kufungia bajia, leo nataka tuzungumze juu ya starehe moja ya halali ambayo wengi wetu tumeisahau: kukifungua tena kitabu ambacho tumeshakisoma.

Wiki chache zilizopita binti yangu, ambaye ni mwalimu wa skuli huko Matiliku, katika kaunti ya Makueni, alinipigia simu baada ya Isha. Mumewe ni baharia na wakati huo alikuwa safarini, naye alikuwa peke yake na mwanawe wa kike wa miaka mitano, mbali na bahari na mbali na adhana za mitaani kwetu Mombasa. Akaniambia, "Baba, ukija kunitazama niletee kile kitabu cha mama."

Hakukitaja jina, wala sikumuuliza. Nyumbani kwetu vitabu ni vingi, lakini "kitabu cha mama" ni kimoja tu: Utendi wa Mwana Kupona, kijitabu chembamba ambacho jalada lake lilikatika, likashonwa kwa uzi mweupe. Mwenyewe alitangulia mbele ya haki miaka minne iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu, na tangu siku hiyo sikukigusa.

Nilimjibu kama ambavyo wengi wangejibu: "Mwanangu, utendi huo umeusikia tangu u mtoto. Kwa nini nisikununulie kitabu kipya?" Akasema, "Kipya nitanunua mwenyewe, baba. Nataka kile ninachokijua."

Wazee wetu walituusia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Lakini huo mzuri ni wa mpita njia, na akiondoka huondoka nao. Nikiitazama simu yangu, ambayo kutwa huleta habari mpya zisizofika hata kesho, naona wazee walikuwa wakituzungumza sisi.

Kurudia ni mwendo wetu

Haitupasi sisi Waislamu kuona ajabu mtu anaporudia maneno anayoyajua. Anayesali sala tano za faradhi huisoma Suratul Faatiha mara 17 kila siku, kabla ya kuhesabu sunna. Tena imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Jibrili alikuwa akimjia Mtume (S.A.W.) kila mwezi wa Ramadhani wakaidurusu Qur'ani pamoja, na katika mwaka aliofariki Mtume waliidurusu mara mbili. Aliyeteremshiwa Kitabu ndiye aliyekidurusu. Basi sisi tunaosahau tulichokula juzi tuna udhuru gani?

Qur'ani, bila shaka, hailinganishwi na kitabu chochote, na kuisoma ni ibada. Lakini wanavyuoni waliolelewa na mwendo huo waliupeleka katika vitabu vyao vingine. Imesimuliwa kwamba Imam Muzani, mwanafunzi mkubwa wa Imam Shafi kule Misri, aliisoma Risala ya mwalimu wake mara mia tano, na kila mara alipata faida ambayo hakuipata kabla. Sisi watu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi tuna haki ya kujivunia subira hiyo, na haki zaidi ya kuiiga.

Naye Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyezaliwa mwaka 980, ameeleza katika habari za maisha yake kwamba alikisoma kitabu kimoja kigumu cha Aristotle mara arubaini, hata akakihifadhi, na bado hakukifahamu. Siku moja wakati wa alasiri, katika soko la vitabu, dalali alimshika amuuzie kitabu kwa dirhamu tatu. Ibn Sina alikataa kwanza, kisha akakinunua kwa kuwa kilikuwa rahisi na mwenyewe alihitaji fedha. Kumbe kilikuwa cha al-Farabi, kikieleza makusudio ya kile kilichomshinda. Alipokisoma mambo yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu. Kisa hiki kinatufundisha kwamba anayekipenda kitabu cha zamani hakatazwi kipya. Mara nyingine kipya ndicho ufunguo wa kile cha zamani.

Nasi tuliopita chuoni tunalijua jambo hili bila ya kuambiwa. Tulipoimaliza Safinatun Najaa, kile kitabu kidogo cha fiqhi, tulidhani tumeshavuka. Mwalimu akakifungua tena ukurasa wa kwanza. Mara ya kwanza tulihifadhi idadi ya nguzo na sharti. Mara ya pili tukafahamu maana yake. Mara ya tatu tulikuwa tumeshabaleghe, ndipo tukatambua kwamba kitabu kile kilikuwa kikituhusu sisi wenyewe.

Kitabu ni kile kile

Nilikitia kitabu mkobani, nikapanda treni ya asubuhi ile inayosimama vituo vya njiani, ili niteremke Emali na kutoka hapo nichukue matatu ya kwenda Matiliku. Kati ya Voi na Mtito Andei abiria wenzangu walikuwa dirishani wakitafuta ndovu katika ule udongo mwekundu. Mimi nikakifungua.

Utendi huu nimeusikia ukighaniwa nyumbani kwangu mara nyingi, na ujanani niliusoma mwenyewe mara moja, kama wanavyosoma vijana wenye kujiona wasomi: nikitazama vina na maneno magumu ya Kiamu. Nilijua kwamba Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Nilijua kwamba alikuwa mjane wa Mataka, mtawala wa Siyu, na kwamba alitunga akiwa mgonjwa, na haukupita muda mrefu akafariki. Hayo yote niliyajua kama ajuavyo mtu tarehe za mtihani.

Safari hii nilisoma nikiwa mtu aliyekaa karibu na kitanda cha mgonjwa. Kila beti ilinijia kwa sauti nyingine. Nilimwona mama anayehesabu siku zake, anajiuliza ni lipi alisahau kumfunza mwanawe, na hana kingine cha kumwachia ila maneno. Wengi huutaja utendi huu kwa ajili ya wasia wake juu ya mume, na wengine huuacha kwa sababu hiyo hiyo. Lakini sehemu kubwa ya mwisho ni dua. Mama anaomba. Anawaombea watoto wake na jamaa zake, anajiombea afya, na anawataka wanawake wote wausome na wauelewe.

Hapo penye dua ya watoto niliona kitu ambacho sikukijua. Pambizoni, kwa kalamu ya risasi, marehemu aliandika herufi nne za Kiarabu, ndogo sana. Zilikuwa herufi za mwanzo za majina ya watoto wetu. Tulilea watatu. Wa nne aliishi siku tisa, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu kwa miaka mingi. Kumbe kila alipofika katika beti zile alikuwa akiwaombea wote wanne, nami nilikuwa chumba cha pili nikisoma gazeti.

Nilikifunga kitabu mpaka tulipopita Kibwezi.

Usiku ule Matiliku, mjukuu alipolala, nilimwonyesha binti yangu zile herufi. Alinyamaza kitambo, kisha akanikumbusha kwamba alipokuwa na miaka 15 aliukasirikia utendi huu. Alimwuliza mamake mbona wasia wote ni wa kumtumikia mume. Mamake alicheka akamwambia, "Hebu usome mpaka mwisho." Hakuusoma. "Sasa nina binti," akaniambia, "na usiku nikisikia upepo ukishuka mlima Nzaui huwa nawaza, nikiondoka leo, huyu nimemwachia nini? Ndiyo maana nilikitaka kitabu." Tukakisoma kwa zamu, mpaka mwisho.

Sisemi kwamba mwanamke wa leo alazimike kukubaliana na kila neno la mwaka 1858. Kitabu kizuri hakitaki hivyo. Hukaa pale pale kikakungoja, na kila ukirudi hukuonyesha ulipofika. Vivyo hivyo Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Nilipokuwa mwanafunzi nilifurahia safari za wale wajumbe sita na nchi inayoelea angani. Nilipokirudia nikiwa baba wa watoto, nilimwona Karama mbele ya mahakama, na nikafahamu kwamba ni kitabu cha watu wanaoadhibiwa kwa sababu wameileta kheri. Hakuna neno lililoongezwa humo. Mimi ndiye niliyekuwa nimeongezeka miaka.

Wakati upatikane wapi?

Najua jibu la akina mama: "Sheikh, kitabu kimoja hatujakimaliza, vipi tukirudie?" Jibu lenu ni la haki, na nitaanza na sisi wanaume. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Basi wewe mume ambaye mkeo "hana wakati", tazama ni nani anayeutumia wakati huo. Baada ya Maghrib keti na watoto wewe mwenyewe, wasikilize juzuu zao, umwachie mama yao robo saa. Robo saa haitakupunguzia chakula.

La pili nimejifunza Matiliku. Jirani ya binti yangu ni mama mzee wa Kikamba. Kila jioni huketi kibarazani na Biblia yake ya Kikamba, ambayo jalada lake limeshatoka, miwani yake ameifunga kwa kamba. Anakwenda kuteka maji, ana mbuzi, ana wajukuu. Nilimwamkia, kisha nikamwuliza hupata wapi wakati wa kusoma. Akaniambia, "Mzee, mimi sitafuti wakati. Mbuzi wakiingia zizini, mimi nakaa." Dini yake ni nyingine na yangu ni nyingine, lakini hekima hiyo niliipokea.

Alikifunga kisomo chake kwenye jambo ambalo lazima litendeke kila siku. Sisi tumepewa vigingi vitano vya kufungia, navyo ni nyakati za sala. Chagua kimoja. Kwa wengine ni baada ya Alfajiri, nyumba ikiwa kimya na chai iko jikoni. Kwa wengine ni kati ya Maghrib na Isha. Baada ya kusali na kuleta nyiradi, soma kurasa tatu tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

La tatu, kitabu kiwe karibu na simu iwe mbali. Kitabu kilichofungiwa kabatini hakisomwi. Kiweke pale unapokaa, na simu iache chumba kingine kwa muda huo mdogo.

La nne, soma kwa sauti. Vitabu vyetu vya pwani vilitungwa visikiwe, na mtoto anayecheza sakafuni husikia zaidi ya tunavyodhani. Binti yangu hakufunzwa utendi ule. Aliuokota tu akiwa mkekani.

La tano, kila ukimaliza andika tarehe ukurasa wa mwisho. Watoto wako siku moja watazihesabu.

Siku ya kuondoka kwangu binti yangu alinitazama nikifunga mkoba. "Baba, utakiacha?" Nakiri kwamba moyo ulikuwa mzito; nilikipuuza miaka minne, na sasa sikutaka kiniondoke mkononi. Mwisho tukakubaliana. Kitabu kitabaki Matiliku, na kila Ramadhani atakapoteremka Mombasa atakuja nacho, tukisome pamoja, kisha arudi nacho. Nikachukua kalamu ya risasi nikaandika tarehe ukurasa wa mwisho. Pambizoni penye dua, chini ya zile herufi nne, binti yangu akaongeza ya tano, ya mwanawe.

Basi ndugu zangu, jioni ya leo nyanyukeni muende kabatini. Kipo kitabu ambacho kilikuwa cha mtu fulani, au kilikuwa chenu mlipokuwa vijana. Kipanguseni vumbi, mkisome tena.

Ewe Mola, tunufaishe kwa uliyotufunza, utufunze yenye kutunufaisha, na uwarehemu waliotusomea tulipokuwa wadogo. Amin. Wabillahi tawfiiq.