Mvua, bahari na bei ya gunia

Mfanyabiashara anayenunua mahindi Songea au Sumbawanga na kuyaweka ghalani akisubiri bei ipande, mtaji wake uko mikononi mwa mvua. Vuli ikinyesha vizuri mikoa ya kaskazini, mavuno mapya huingia sokoni mapema mwakani na bei hushuka kabla hajauza. Vuli ikikosekana, malori hupanga foleni mlangoni kwake. Inafaa basi kujua kinachoongoza hali ya hewa, na kutenganisha cha kupita na cha kudumu.

Msingi wa tabia ya nchi

Tabia ya nchi ni wastani wa joto na mvua kwa kipindi kirefu, kwa kawaida miaka 30. Hutegemea umbali kutoka ikweta, mwinuko, pepo, na bahari au ziwa lililo karibu. Joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za mwinuko, ndiyo maana viazi mviringo hutoka Njombe na Mbeya, si Kibaha. Mvua nayo hufuata ukanda wa mawingu unaohama pamoja na jua. Kaskazini ukanda huo hupita mara mbili kwa mwaka na kuleta vuli na masika. Kusini huleta msimu mmoja, Novemba hadi Aprili.

Yanayopita

Kinachotikisa msimu mara nyingi ni bahari. Maji ya Pasifiki ya katikati na mashariki yakipata joto kuliko kawaida, hiyo ni El Niño, ambayo hurudi kila baada ya miaka 2 hadi 7. Afrika Mashariki hupata vuli kubwa, huku nchi za kusini mwa Afrika zikikabiliwa na ukame. Mwaka 1997/98 mafuriko yalikata barabara na reli. Mwaka 2023/24 hali ilijirudia: mvua kubwa zilinyesha huku kwetu, wakati Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa Februari 2024, kisha ikageukia mahindi ya Tanzania.

La Niña huleta kinyume chake. Ile ya 2020 hadi mapema 2023 iliambatana na ukame mkali Kenya na Somalia.

Hata hivyo, anayetazama Pasifiki peke yake hupata nusu ya habari. Mwaka 2019 vuli ilikuwa kubwa bila El Niño yenye nguvu, kwa sababu upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko upande wa mashariki.

Volkano pia hupita. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, dunia ilipoa kwa karibu nusu nyuzi, na baada ya miaka michache hali ikarudi ilivyokuwa.

Yasiyorudi

Kinachobadilisha msingi wenyewe ni gesi zinazozuia joto lisitoke angani. Kabla ya enzi ya viwanda, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni moja za hewa. Sasa imepita 420, kutokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu. Jua si chanzo: vipimo vya setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 havionyeshi kuwa limeongeza nguvu. Mchango wa Afrika katika hewa ya ukaa itokanayo na nishati hizo hauzidi asilimia 5, lakini hasara haigawanywi kwa hesabu hiyo.

Mwaka 2024 ulivunja rekodi ya joto, kwa takriban nyuzi 1.5 juu ya kiwango cha 1850-1900. El Niño ilichangia, ila ilianzia juu ya msingi uliokwisha kupanda. Kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Mvua ikija humwagika kwa nguvu. Isipokuja, ardhi hukauka upesi.

Kwa mwenye mtaji

Mwenye nafaka asome utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya kuamua kushikilia mzigo. Kwa mwenye kuwekeza katika kahawa ya arabika, inayopenda ubaridi, hesabu ni nyingine, kwani mti wa leo ni wa miaka 20 na zaidi. El Niño husubiriwa ikapita. Hewa ya ukaa iliyokwisha kupaa, sehemu yake kubwa itabaki angani kwa karne kadhaa.