Papa, acha mutoto aone mwenyewe

Jumapili saa kumi, muchanga wa kandokando ya ziwa hapa Kalemie unajaa watoto na mupira wao. Kisha wazazi wanafika. Papa mwenye amerudi toka Manono, miezi miwili hayuko nyumbani, anasimama kwenye mustari na anaanza: "Piga mbele! Toa! Hapana huko!" Mutoto anaangalia mupira, anaangalia papa. Mwenzake, mwenye kuwa peke yake mbele ya goli, hamuoni.

Tunasema ni uzembe. Si uzembe. Mwaka 2007 Daniel Memmert na Philip Furley walichapisha majaribio yao kuhusu wachezaji vijana wa handboli: ukimwambia mchezaji akaze macho kwa mpinzani mmoja, mara nyingi hataona mwenzake aliye huru kabisa. Ninyi wachimbaji mnajua jambo hili. Mwenye kukaza macho paka ku jiwe hasikii udongo unaanza kuanguka nyuma yake.

Na kila papa anakumbuka Desemba 2010, Abu Dhabi: Mazembe 2, Internacional ya Brazil 0, Kabangu na Kaluyituka. Tunataka watoto wetu wacheze vile, na siku wanajaribu tunawapigia kelele!

Kochi mwenye akili anafanya namna ingine. Anagawa watoto watatu kwa watatu, magoli mane ya viatu, kila timu inapiga kwa magoli mawili. Goli moja likizibwa, mutoto analazimika kuinua kichwa na kutafuta lingine. Kisha kochi anabadilisha: sasa ni kwa mikono, sasa kiwanja ni kidogo, sasa mipira ni miwili. Wasichana wanaingia pia (nzango yao haina mupira, lakini inafundisha kusoma muguu wa mwenzako haraka kuliko sisi wote). Kochi hasemi mengi. Mutoto akikosea, anamuuliza tu: "Uliona nani?"

Mutaniambia atapoteza mipira mingi. Ndiyo, atapoteza, na timu itafungwa. Kwa mutoto wa miaka minane, kufungwa Jumapili hakukuli pesa ya mutu. Kazi ya nafasi na mipango itakuja akikomaa.

Jumapili ijayo, papa, ukae juu ya mutumbwi, mikono kwenye mifuko. Mechi ikiisha, umuombe mutoto akuchoree kwenye muchanga goli ile ya pili: nani alikuwa wapi. Pengine ataonyesha mutu mwenye wewe hukumuona.