Mpaka Usiohitaji Askari

Wahenga walinena kuwa siku za mwizi ni arobaini. Methali hii twaifundisha shuleni kila mwaka, lakini ni wachache miongoni mwetu wanaotua kuipima. Inamwonya mwizi kwamba atanaswa. Haimwambii kwamba kuiba kwenyewe ni kujivunjia heshima. Mwanafunzi mwerevu aweza kutoka darasani akifurahia siku thelathini na tisa!

Katika miteremko ya Kangema, huko Murang'a chini ya milima ya Nyandarua, palikuwa na somo jingine. Wazee wa Agikuyu waliweka mipaka ya mashamba kwa kupanda itoka, mmea wenye tunguu na ua mfano wa yungiyungi. Hapakuwa na seng'enge wala hati. Mwenye tamaa angeweza kuung'oa usiku na kuupanda hatua tatu mbele. Kweli, viapo vilikuwapo kwa aliyekana kosa, na wahenga hawakuwa malaika. Hata hivyo, mpaka ule ulisimama hasa kwa sababu mtu alijistahi mwenyewe na kumstahi jirani yake. Husimuliwa pia kuwa msafiri mwenye njaa aliruhusiwa kula ndizi au muwa katika shamba la mwenyewe, mradi asibebe. Njaa ilihurumiwa, tamaa haikuhurumiwa.

Kisha ikaja karatasi. Hali ya Hatari ilitangazwa mwaka wa 1952, na kuanzia 1954 serikali ya kikoloni ikaharakisha kuunganisha vipande vya ardhi na kuviandikisha kwa mpango wa Swynnerton. Wakati huo wenye ardhi wengi walikuwa vizuizini. Katika Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa enzi hizo, kazi hiyo ilijaa makosa na hila hata ikabidi irudiwe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vipimo vilikuwa vya kisasa, lakini kipimo hakimzuii mdanganyifu aliyeshika kamba.

Nayasema haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu shule nayo ina mipaka yake. Kitabu cha maktaba, kalamu ya jirani, chaki ya serikali, jawabu la mwenzako: vyote vina mwenyewe. Leo karatasi za mtihani wa kitaifa hufungiwa ndani ya kontena na kulindwa na askari wenye bunduki. Huo ni ushahidi dhidi yetu sote, watu wazima wa kwanza, kwani ndio wanunuao na wauzao karatasi hizo.

Kufuli tuziache mahali pake. Lakini mwalimu asiyethubutu kupeleka chaki ya shule nyumbani kwake, ilhali hakuna amwonaye, amepanda itoka mioyoni mwa wanafunzi wake. Je, wewe msomaji, umepanda wapi?