Sitara ya Uani Penye Baridi Kali

Katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako familia nyingi kutoka Afrika Mashariki zimefanya makao, miti ya kuusitiri ua wa nyuma ya nyumba huchaguliwa kwanza kwa ramani ya kanda za ustahimilivu, yaani ramani ya Wizara ya Kilimo inayoigawa nchi katika kanda 13 kwa kufuata wastani wa kiwango cha chini kabisa cha jotoridi kinachofikiwa kila mwaka. Katika kanda ya 4, inayochukua sehemu kubwa ya jimbo hilo, wastani huo ni kati ya nyuzi 34.4 na 28.9 za Selsiasi chini ya sifuri. Ramani hiyo, iliyosahihishwa mwaka 2023, ni ya lazima ila haitoshi, kwa sababu inapima baridi peke yake, ilhali miti mingi inayokauka majira ya theluji huuawa na kiu.

Mti unaositiri mwaka mzima ni ule usiopukutisha majani, lakini jani lisiloanguka huendelea kupoteza maji. Mwezi Februari na Machi, jua linapoanza kupata nguvu na kuupiga mti upande wa kusini na kusini-magharibi, majani hupata joto na kuvukiza maji, upepo mkavu ukizidisha hasara hiyo, huku mizizi imezingirwa na udongo ulioganda na haiwezi kufyonza hata tone. Madhara yake huonekana theluji inapoyeyuka: upande uliopigwa na jua umekuwa wa kahawia, wa kaskazini ungali kijani, na karibu na ardhi kuna mstari ulionyooka ambao chini yake majani yote ni mazima, kwa kuwa theluji, ambayo mgeni huidhania adui, ilikuwa imeyafunika na kuyakinga.

Mti unaokimbiliwa na wengi ni thuja, ambayo jina lake la kisayansi ni Thuja occidentalis, nayo ni ya familia moja na mtarakwa wa milima ya Kenya na Tanzania. Hustahimili hata kanda ya 3, hukubali kupogolewa na husongamana ikawa ukuta. Sifa hizo ni za kweli, lakini kulungu wa mkia mweupe huipenda mno theluji inapofunika malisho mengine, nao huila kuanzia chini hadi pale midomo yao inapofika. Na kwa kuwa thuja haichipui tena kwenye tawi kuukuu lililokwisha majani, pengo hubaki daima, nalo liko pale pale penye usawa wa macho ya jirani. Penye kulungu, kuipanda bila wavu ni kupoteza fedha.

Sitara, basi, imo katika matawi ya chini, na kipimo hicho ndicho kinachoiangusha sprusi ya buluu, mti wa Milima ya Rocky yenye hewa kavu, ambao penye unyevunyevu hushambuliwa na kuvu wa Rhizosphaera na kupukutika sindano zake kuanzia chini. Chaguo bora ni sprusi ya Serbia, iliyotambulishwa kwa sayansi na Josif Pančić katika karne ya 19 kutoka milima ya kando ya mto Drina, kwa kuwa ni nyembamba, hutoshea katika ua mdogo na matawi yake hubaki hadi ardhini. Palipo wazi kwa upepo mkali, sprusi nyeupe, mwenyeji wa Minnesota, ni salama zaidi, mradi iachiwe nafasi ya mita 3 au zaidi, kwani tawi linalokosa jua hufa.

Kuchanganya aina mbili au tatu ni busara kuliko mstari wa aina moja: mbawakawa wa kijani kutoka Asia, aliyegunduliwa Michigan mwaka 2002, ameua mamilioni ya miti ya ashi, na mitaa iliyopandwa ashi tupu imebaki bila kivuli. Kabla ya kuchimba, hupigwa simu namba 811 ili mabomba na nyaya zilizofukiwa ziwekewe alama. Na miche, hasa katika miaka yake ya kwanza, humwagiliwa vuli yote mpaka udongo ugande, huku shina likizungushiwa matandazo yasiyoligusa.