Kabla ya Kubadilisha Bodi ya Fyuzi, Fuatilia Kila Waya

Bodi mpya imefungwa asubuhi na fundi amelipwa. Jioni, mama akiwasha taa ya jikoni, nyumba yote inazima. Anaipandisha swichi, inaanguka tena. Kesho yake fundi anarudi, anaitoa ile swichi ya kuzuia mshtuko na kuunganisha nyaya moja kwa moja. Stima inarudi, watu wanashukuru. Hatari ndiyo kwanza inaanza.

Katika hali kama hii lawama huiangukia bodi mpya, ilhali mara nyingi bodi imesema kweli na tatizo liko kwenye nyaya za zamani.

Nyumba nyingi katika eneo bunge la Garsen hazikuwekewa nyaya zote kwa siku moja. Mradi wa kitaifa wa Last Mile, ulioanza mwaka wa 2015 kwa ada ya shilingi 15,000, ulifikisha stima kwa familia nyingi kwa kutumia redibodi: kibodi kidogo chenye breka, soketi chache na holda ya taa. Baadaye kikaja chumba cha kijana, kisha duka, kisha taa ya uani. Kila nyongeza ilivutwa kutoka mahali palipokuwa karibu, na mara nyingi na fundi tofauti. Mchoro haukubaki.

Swichi ya kuzuia mshtuko hulinganisha umeme unaotoka kwa waya wa laivu na ule unaorudi kwa nyutro. Tofauti ikifika takriban miliampea 30, inakata, kwa sababu umeme uliopotea huenda unapita kwenye mwili wa mtu. Sasa chukua taa ya uani iliyopata laivu kutoka saketi ya jikoni lakini ikaazima nyutro ya saketi ya duka, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Iwapo jikoni pako chini ya ulinzi na duka haliko, swichi huona umeme umetoka bila kurudi. Itaanguka kila mara. Hali huwa hiyo hiyo pale nyutro na waya wa erthi vilipokutanishwa ndani ya soketi.

Nyutro ya kuazima ina ubaya mwingine. Fundi akizima breka ya duka na kufungua viungo vya nyutro akiamini pamekufa, taa ya uani ikiwa bado imewashwa, waya huo unaweza kumpiga kwa volti 240.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya fundi si kufunga bodi. Ni kuzima swichi kuu, kuhakikisha kwa kipimo kwamba hakuna umeme, kisha kufuata kila waya hadi mwisho wake na kuuandika jina. Baada ya hapo huchomoa vifaa na kupima ukinzani wa ngozi za nyaya kwa volti 500. Kipimo kikishuka chini ya megaohm 1, waya huo haufai kuunganishwa hadi hitilafu ipatikane. Ni kazi ya kuchosha, na inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kufunga bodi yenyewe. Patana naye bei ya upimaji mapema.

Soketi nazo zikaguliwe. Nyingi hufungwa kwa mzunguko wa pete: waya wa milimita mraba 2.5 hutoka kwenye bodi, hupitia soketi zote na kurudi pale pale, chini ya breka ya ampea 30 au 32. Ukuta ukibomolewa na pete ikakatika, soketi zitaendelea kufanya kazi, lakini waya unaweza kupata moto kabla ya breka kukata. Pete iunganishwe, au breka ishushwe hadi ampea 20.

Wenye sola iliyounganishwa na nyaya za nyumba wamwambie fundi kabla hajagusa chochote, kwa maana kuzima swichi kuu hakuzimi sola.

Waliofikiwa na mafuriko ya Novemba 2023 au yale ya 2024 wasitumie tena breka zilizoingia maji. Kuianika juani hakuondoi tope lililo ndani, na breka iliyokwama haikati siku inapohitajika. Chuma cha erthi kipimwe pia, hasa wakati wa kiangazi, kwani udongo ukikauka erthi hudhoofika.

Kwa mujibu wa Sheria ya Kawi ya 2019, kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni hiyo, na usikubali aondoke bila kukuachia cheti cha ukaguzi na orodha ya saketi iliyobandikwa ndani ya kifuniko cha bodi. Mita na lakiri yake ni mali ya Kenya Power. Ikiwa kazi inahitaji kukata umeme unaoingia nyumbani, piga simu kwa kampuni hiyo kupitia 97771 kabla ya fundi kuanza.