Kalibu: Nakshi ya Ngozi Huanza Kinyume

Kalibu ya ngozi ni kipande cha mti, shaba au plastiki ngumu kilichochongwa nakshi, ambacho hushindiliwa juu ya ngozi yenye unyevu mpaka nakshi hiyo ihamie ngozini. Nyuzinyuzi za ngozi hubanwa mahali pamoja na kuachwa zimeinuka mahali pengine, na zikikaukia katika hali hiyo hubaki hivyo. Ndivyo yanavyopatikana maua ya kwenye mikanda, mikoba, ala za visu na majalada ya vitabu.

Ufundi huu ulikomaa mikononi mwa watengenezaji wa majalada. Katika nchi za Kiislamu jalada la Msahafu lilipambwa kwanza kwa vichapa vidogo vilivyogongwa kimoja baada ya kingine, na jalada moja liliweza kupokea mamia ya mapigo ya namna hiyo. Kufikia karne ya 15, mafundi wa Uajemi na wa Herat, mji ulioko Afghanistan ya leo, walikuwa wakitumia kalibu kubwa zilizotoa pambo zima la katikati kwa mshindilio mmoja. Nyingine zilikuwa za madini, nyingine za ngozi ngumu ya ngamia iliyochongwa, yaani ngozi ikaipamba ngozi. Neno kalibu lenyewe limetoka katika Kiarabu, na Waturuki nao wanalo. Huko Uholanzi, mwaka 1628, Jacob Dircxz de Swart wa The Hague alipewa hataza ya kutoa nakshi za mwinuko kwa kalibu kwenye ngozi za kupambia kuta. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mji wa Siyu kisiwani Pate ulisifika katika karne ya 19 kwa mafundi wake wa ngozi, wachongaji na wanakili wa Misahafu.

Kabla ya kuchonga chochote, sharti ngozi ijulikane. Ngozi nyingi sokoni leo imesindikwa kwa chumvi za kromu. Ni laini na haiogopi maji, lakini nakshi haikai: ikishindiliwa hujikunjua kama godoro. Inayofaa ni iliyosindikwa kwa tanini ya mimea, kama ile ya magome ya mikoko ambayo zamani yalisafirishwa kwa majahazi na meli kutoka Rufiji na Lamu, au ya miwati inayopandwa Njombe na katika nyanda za juu za Kenya. Ngozi hii hunywa maji, hulegea, na ikikauka hushika umbo ililopewa. Jaribio lake ni jepesi: ikiloweshwa kidogo na kubonyezwa kwa ukucha, alama ya ukucha hubaki.

Kubuni kalibu ni kufikiri kinyume mara mbili. Kwanza, kushoto huwa kulia, kama kwenye muhuri wa ofisini. Jina lisipogeuzwa litasomeka kwenye kioo. Pili, juu huwa chini. Kinachotakiwa kiinuke kwenye ngozi huchimbwa kwenye kalibu, na usuli unaotakiwa uzame huachwa juu. Mtu aliyezoea karatasi hufikiri kwa mistari, ilhali kalibu huhitaji vina. Kwa hiyo mchoro mzuri hupakwa kwanza kivuli cha ngazi tatu au nne, cheusi kabisa pale patakapochimbwa zaidi, ili ijulikane kama jani liko mbele ya shina au nyuma yake kabla patasi haijagusa mti.

Kalibu nyingi huharibika hatua inayofuata, na kosa huwa karibu lilelile: kuta zilizosimama wima. Ukuta wa wima hukata uso wa ngozi badala ya kuupindisha, na ngozi ikinasa humo hutoka na nyufa. Kila ukuta unahitaji mteremko, kama nyuzi 10 hivi kutoka wima, na kila ukingo ulainishwe kwa msasa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Pasiwe na shimo lililo pana chini kuliko mdomoni. Kina nacho kifuate unene wa ngozi. Kwa ngozi ya milimita 2, kina cha milimita 1 hadi 1.5 huleta kivuli cha kutosha. Kikizidi sana, ngozi huvutwa mpaka ikachanika pembeni. Mistari iliyo chini ya milimita 1 hupotea kwa urahisi. Ndiyo maana ua moja lenye petali pana hushinda shada la maua madogo, hata kama shada lilipendeza zaidi kwenye karatasi.

Nakshi ya kina kirefu zaidi huhitaji kalibu ya vipande viwili, dume na jike, ngozi ikiwa katikati. Dume hupunguzwa pande zote kwa unene wa ngozi, la sivyo ngozi itasagika kwenye kuta. Mgongo wa nakshi ya namna hii hubaki na shimo, nalo hujazwa unga wa ngozi uliokandwa na gundi ili ua lisibonyee likishikwa.

Mti wa kalibu uwe mgumu na wenye chembe ndogo. Mpingo, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini, hushika hata kona nyembamba. Mninga huchongeka kwa urahisi zaidi, ila vinyweleo vyake vinaweza kuonekana kwenye ngozi. Mti wowote usuguliwe nta usinywe maji. Shaba njano hudumu kuliko vyote. Plastiki ya printa ya 3D, hasa ile iitwayo PLA, imerahisisha kazi kwa vijana wenye kompyuta, lakini hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na matabaka yake huacha michirizi ambayo ngozi huinakili yote. Chuma kitupu kisiguse ngozi yenye unyevu. Chuma na tanini vikikutana hutoa doa jeusi lisilotoka, weusi uleule ambao wanakili wa zamani waliutafuta walipotengeneza wino.

Kalibu ikikamilika hujaribiwa kwa udongo wa mfinyanzi. Kipande cha udongo kikibonyezwa humo na kutolewa, makosa yote huonekana mara moja, tena bila kupoteza ngozi.

Siku ya kushindilia, ngozi hupanguswa kwa sponji lenye maji mpaka ilowe sawasawa, kisha huachwa. Hapo panahitajika subira. Ngozi iliyolowa hugeuka kahawia iliyokoza. Baada ya muda rangi yake ya awali huanza kurudi, huku ikiwa bado baridi ikiwekwa shavuni. Huo ndio wakati wake. Fundi akiwahi, maji hukamuka na nakshi hufifia. Akichelewa, ngozi imekwisha kukaza.

Kalibu hulazwa kifudifudi juu ya ngozi, na vyote hubanwa kwa jiriwa au kwa fremu ya chuma yenye jeki ya gari. Jeki ya tani 6 ikibana kalibu ya sentimita 5 kwa 5, kila sentimita ya mraba hupata kilo 240. Jeki hiyohiyo kwenye kalibu ya sentimita 20 kwa 20 hutoa kilo 15 tu. Nakshi kubwa ikitoka hafifu, uchongaji hulaumiwa bure, kumbe ni hesabu. Ngozi ibaki imebanwa walau dakika 10, kisha ikaukie kivulini, kwani jua kali huikunja.

Kwa anayeanza, kipande cha mpingo cha sentimita 5 chenye ua moja kinatosha. Ngozi ya majaribio haihitaji kununuliwa: fundi viatu hutupa mabaki ya soli za ngozi, na ngozi ya soli kwa kawaida husindikwa kwa tanini.