Tanzania na Uganda: Jinsi mlinganyo wa darasani unavyofichua riba ya mkopo

Mikopo ya mitaani ambayo Watanzania wameipachika jina la "kausha damu" imezua mjadala mrefu nchini humo. Malalamiko yanayosikika mara kwa mara ni kwamba mkopaji huelezwa kiasi atakachorejesha, lakini haelezwi kiwango cha riba kilichokizaa kiasi hicho. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kwa watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili, yaani wale wasiopokea amana, benki hiyo imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Nchini Uganda, serikali iliwawekea wakopeshaji binafsi ukomo wa asilimia 2.8 kwa mwezi katika mwaka huohuo wa 2024.

Hata hivyo, ukomo wa kisheria humfaa zaidi yule awezaye kutambua kwamba umevukwa. Ili kutambua, hana budi kukigeuza kiasi alichotajiwa kuwa kiwango cha riba. Kazi hiyo haihitaji mhasibu. Inahitaji somo linalofundishwa darasani chini ya jina la aljebra: kuupanga upya mlinganyo ili herufi inayotafutwa ibaki peke yake upande mmoja.

Mlinganyo mmoja, maswali manne

Riba sahili hupatikana kwa kuzidisha mtaji, kiwango na wakati, kisha kugawanya kwa 100. Tukiita riba R, mtaji M, kiwango cha asilimia kwa mwezi K, na wakati kwa miezi W, mlinganyo huandikwa hivi:

R = M × K × W ÷ 100

Ulivyoandikwa, mlinganyo huu unamfaa mkopeshaji. Yeye anakijua kiwango chake, na anachotaka ni kujua atavuna riba kiasi gani. Mkopaji anasimama upande wa pili: riba ameshatajiwa, na kilichofichika kwake ni K. Uhusiano kati ya herufi hizo nne ni uleule; kinachobadilika ni swali linaloulizwa.

Alama ya usawa ni kama mizani iliyotulia. Jambo lolote likifanywa kwenye sahani moja, sharti lifanywe na kwenye ya pili, la sivyo mizani itainama. Ili kuipata K, pande zote mbili huzidishwa kwa 100, nayo 100 iliyokuwa ikigawanya hutoweka upande wa kulia:

100 × R = M × K × W

Kisha pande zote mbili hugawanywa kwa M × W:

K = 100 × R ÷ (M × W)

Hatua hii ya pili ina sharti lake: M na W zisiwe sifuri, kwa kuwa hakuna namba inayoweza kugawanywa kwa sifuri. Katika mikopo sharti hilo halina tabu, maana mkopo usio na mtaji wala muda si mkopo.

Mfano wa mkopo wa mwezi mmoja

Chukulia mfanyabiashara anayeahidiwa mkopo wa shilingi 200,000. Siku ya kupokea anakatwa shilingi 20,000 za "ada ya fomu" na kuondoka na 180,000. Baada ya mwezi mmoja anatakiwa kurejesha 230,000. Kwa haraka mtu atasema riba ni 30,000 juu ya 200,000, sawa na asilimia 15. Lakini fedha zilizoingia mkononi ni 180,000, na zitakazotoka ni 230,000. Kwa mkopaji, M ni 180,000 na gharama yote ya mkopo, ambayo hapa ndiyo R, ni 50,000:

K = 100 × 50,000 ÷ (180,000 × 1) = 27.8

Gharama halisi inakaribia asilimia 28 kwa mwezi. Aljebra haikuongeza lolote hapa. Imelazimisha tu kila herufi ipewe thamani yake ya kweli.

Mlinganyo huohuo unaweza kuulizwa swali jingine: je, kwa kiwango cha ukomo, gharama ya shilingi 50,000 ingechukua muda gani kufikiwa? Sasa herufi inayotafutwa ni W, na hatua ni zilezile:

W = 100 × R ÷ (M × K)

Kwa asilimia 3.5 jibu ni miezi 7.9. Kwa asilimia 2.8 jibu ni miezi 9.9. Kwa maneno mengine, mkopaji huyo amelipishwa kwa mwezi mmoja kile ambacho ukomo wa Tanzania ungekiruhusu kwa karibu miezi minane, na wa Uganda kwa karibu miezi kumi.

Kipimo cha muda nacho huhitaji uangalifu. Anayetoza "asilimia kumi tu" kwa wiki hakopeshi kwa asilimia kumi kwa mwezi. Wiki ni siku 7 kati ya 30, hivyo W ni 7 ÷ 30, na kiwango kwa mwezi kinafika karibu asilimia 43.

MAGAZIJUTO kwa kurudi nyuma

Wanafunzi wa Tanzania hukariri neno MAGAZIJUTO, linalowakumbusha mpangilio wa kutenda hesabu: mabano, kugawanya, kuzidisha, kujumlisha, kutoa. Anayetenga herufi hufuata njia hiyo kwa kurudi nyuma, kama mtu anayefungua mzigo: fundo lililofungwa mwisho ndilo linalofunguliwa kwanza.

Mfano ni marejesho yote, yaani J, ambayo ni mtaji pamoja na riba:

J = M + M × K × W ÷ 100

Anayeitafuta K huanza kwa kutoa M pande zote, kwa kuwa kujumlisha ndiko kulikofanyika mwisho. Ndipo azidishe kwa 100, kisha agawanye kwa M × W. Kauli ya darasani kwamba "namba ikihama upande hubadili alama" ni ufupisho tu wa kitendo hicho: namba haikuhama, bali imetolewa pande zote mbili kwa pamoja.

Ugumu hutokea pale inapotafutwa M, kwa sababu inaonekana mara mbili. Ukiitoa upande mmoja, bado ipo kwenye kipande cha pili. Dawa yake ni kuzidisha kwanza pande zote kwa 100, kisha kuikusanya M nje ya mabano:

100 × J = M × (100 + K × W)

M = 100 × J ÷ (100 + K × W)

Mfanyabiashara anayejua kwamba baada ya miezi miwili ataweza kurejesha shilingi 214,000, kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, hugawanya 21,400,000 kwa 107 na kupata 200,000. Hicho ndicho kiasi anachoweza kukopa bila kulemewa. Swali hili ndilo linalopaswa kutangulia mkopo.

Asili ya jina

Neno aljebra linatokana na kitabu cha al-Khwarizmi, mwanazuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kitabu hicho kilishughulikia pia hesabu za mirathi na biashara, na mlingano wote uliandikwa kwa maneno bila herufi. Istilahi zake mbili zilikuwa al-jabr, kurejesha kilichopunguzwa, na al-muqabala, kukabilisha pande mbili. Mzizi wa neno hili la pili unasikika hata leo katika Kiswahili: mkabala.

Kuhakiki jibu

Jibu lolote huhakikiwa kwa kulirudisha katika mlinganyo wa awali. 180,000 zidisha 27.8 zidisha 1, gawanya kwa 100, ni 50,040. Tofauti ndogo inatokana na kukadiria desimali. Ikumbukwe pia kwamba mlinganyo huu unahusu deni linalolipwa lote kwa mara moja. Anayelipa kidogo kidogo kila wiki hurejesha sehemu ya mtaji kabla ya muda kwisha, kwa hiyo kiwango halisi kwake ni kikubwa kuliko hesabu hii inavyoonyesha.

Kabla ya kutia saini, mkopaji anahitaji namba tatu tu: fedha zitakazoingia mkononi, fedha zitakazotoka, na muda kati ya siku hizo mbili. Namba ya nne, hata isipotajwa na mkopeshaji, atajitafutia mwenyewe.